Hela za TASAF na maneno ya wasomi

Ukitaka kujua msomi anamwonaje maskini, usimuulize. Subiri dirisha la malipo ya TASAF lifunguliwe, kisha kaa naye barazani.

Kwenye ofisi ya serikali ya kijiji meza imetolewa nje, chini ya mwembe. Mtendaji ana orodha ya majina, walengwa wako kwenye foleni na vitambulisho vyao mkononi. Bibi mmoja anakandamiza dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Alama haitoki, anarudia. Dole lililoshika mpini wa jembe maisha yote limesagika, mistari yake haionekani vizuri. Anahesabiwa noti zake, anazifunga kwenye pindo la kanga, anajiondokea. Ng'ambo ya barabara wamekaa watu watatu wenye kazi za mshahara. Wa kwanza anasema hizo hela zinakwenda kunyweshwa pombe. Wa pili anaongeza kwamba siku hizi watu wanazaa ili walipwe. Wa tatu, mtu wa swala tano, anatikisa kichwa na kusema serikali inalea uvivu.

Huyo wa tatu angeweza kuwa mzee wa kanisa, na maneno yangekuwa yale yale. Nimeyasikia ofisini, kwenye daladala na hata kwenye vikao vya harusi, pale ambapo mtu anaahidi laki mbili za ukumbi na mapambo kisha anashangaa serikali kumpa ajuza shilingi elfu kumi. Kwa hiyo nauliza: kinachomfanya mtu aunge mkono au apinge serikali kuwapa maskini fedha ni dini yake, au ni shule aliyosoma? Jibu langu ni kwamba kwetu dini inasifiwa bure na inalaumiwa bure. Kinachotutenga ni shule, tena si kwa sababu ya yale yaliyofundishwa darasani.

Kwanza tuitazame hela yenyewe, maana wengi wanaoisema hawajui ni kiasi gani. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianzishwa mwaka 2000 enzi za Rais Benjamin Mkapa, kazi yake ya mwanzo ikiwa kusaidia vijiji kujenga madarasa, zahanati na visima. Fedha taslimu zilikuja baadaye. Majaribio yalifanywa katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, na Agosti 2012 Rais Jakaya Kikwete akazindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Ulipotanda nchini ulifikia kaya zaidi ya milioni moja. Katika awamu hiyo ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa kaya kwa mwezi. Kaya yenye watoto iliongezewa 4,000, awe mtoto mmoja au sita. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi aliyehudhuria masomo ipasavyo aliiletea kaya yake 2,000 zaidi, kwa kiwango chenye ukomo. Wenye nguvu walipewa ajira za muda, kuchimba lambo au kutengeneza barabara ya kijiji, kwa shilingi 2,300 kwa siku, siku zisizozidi 60 kwa mwaka. Awamu ya pili ilizinduliwa Februari 2020 na viwango vikarekebishwa, lakini hakuna aliyetajirika.

Sasa rudi kwa yule anayesema watu wanazaa ili walipwe. Shilingi 4,000 kwa mwezi hazimalizi wiki mbili za uji na sabuni ya mtoto mchanga. Mwanamke wa Chamwino si mjinga wa hesabu kiasi hicho.

Habari ya pombe nayo imechunguzwa. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 kuhusu fedha wanazopewa maskini katika Amerika ya Kusini, Afrika na Asia, wakatafuta ushahidi kwamba fedha hizo zinaishia kwenye pombe na sigara. Hawakuupata. Kwa jumla matumizi hayo hayakuongezeka, na mahali pengine yalipungua. Majaribio ya hapa kwetu yalionyesha kwamba kaya zilizolipwa zilijiunga zaidi na mfuko wa afya ya jamii na ziliongeza mifugo, hasa mbuzi. Zilinunua pia viatu vya watoto. Utafiti mwingine uliofanywa katika vijiji hivyo hivyo ulionyesha kwamba fedha hizo ziliongeza imani ya wananchi kwa viongozi wao wa kijiji. Hakuna ubishi kwamba mlevi mmoja wa kijijini anaweza kuchukua ruzuku na kuimalizia kilabuni kabla jua halijazama. Mlevi wa namna hiyo yupo pia kwenye orodha ya mishahara ya halmashauri, na sijasikia mtu akipendekeza mishahara ifutwe.

Kama ushahidi uko hivyo, maneno ya barazani yanatoka wapi?

Mtu wa haraka atasema yanatoka kwenye imani. Huko Marekani, ambako jambo hili limepimwa kwa miaka mingi, takwimu zinamuunga mkono kwa nusu. Mwaka 2014 kituo cha utafiti cha Pew kiliwahoji Wamarekani zaidi ya 35,000 kuhusu dini zao na misimamo yao, na swali moja lilikuwa kama msaada wa serikali kwa maskini unaleta heri zaidi au madhara zaidi. Zaidi ya nusu ya Waprotestanti wa kiinjili walisema madhara. Waumini wa makanisa ya kihistoria ya Wamarekani Weusi, takriban theluthi mbili, walisema heri, na Waislamu wa Marekani wakajibu hivyo hivyo kwa kiwango kinachokaribiana. Miaka mitatu baadaye gazeti la Washington Post na taasisi ya Kaiser waliuliza kinachomfanya mtu awe maskini. Asilimia 46 ya Wakristo walisema ni kutojituma kwake mwenyewe. Kwa wasio Wakristo ni asilimia 29 tu waliojibu hivyo.

Nusu ya pili ya takwimu hizo ndiyo inayomwangusha mtu wa haraka. Mbaptisti mweupe wa Alabama na Mbaptisti mweusi wa Alabama wanabatizwa kwa kuzamishwa majini, wanasoma Biblia moja na wanaimba nyimbo nyingi zinazofanana. Mmoja akiulizwa habari za umaskini anaangalia moyo wa maskini, mwingine anaangalia nani alinyimwa shamba, nani alinyimwa mkopo wa nyumba na nani alinyimwa shule. Wanasosholojia Michael Emerson na Christian Smith waliliandikia kitabu jambo hili mwaka 2000 baada ya kuzungumza na maelfu ya waumini. Elimu nayo haiondoi mgawanyiko huo. Watafiti wa siasa za Marekani wameona mara nyingi kwamba kadiri watu wanavyosoma zaidi ndivyo wanavyozidi kuachana kwa misimamo: mhafidhina msomi anakuwa mhafidhina zaidi, na wa upande wa pili vivyo hivyo. Shule inampa kila mmoja maneno mazuri zaidi ya kutetea pale alipokwisha kukaa.

Hapa kwetu huwezi kabisa kuwagawa watu kwa kigezo cha wenye dini na wasio na dini, kwa sababu wa pili hawapatikani. Pew hao hao walipofanya utafiti katika nchi 19 za Afrika, wakachapisha mwaka 2010, Watanzania zaidi ya tisa katika kila kumi walisema dini ni jambo muhimu sana maishani mwao. Anayetoa TASAF anaswali au anasali, anayepokea anasali, na anayewasema wote wawili ametoka kwenye ibada asubuhi hiyo hiyo.

Na ukifungua mafundisho ya dini zenyewe hukuti uhaba wa maagizo. Katika Uislamu zaka si hisani. Ni nguzo, na Qur'ani inataja makundi manane yanayostahili kupewa, mafukara na maskini wakiwa wa mwanzo. Mojawapo ya makundi hayo ni wale wanaozikusanya, maana yake ni kwamba tangu mwanzo ilidhaniwa kutakuwa na watu wenye kazi hiyo. Khalifa wa kwanza, Abubakar, alipigana vita na makabila yaliyokataa kuitoa baada ya Mtume kufariki. Kwa hiyo Mwislamu anayesema si kazi ya dola kuchukua kwa mwenye nacho na kumpa asiye nacho ana kazi kubwa ya kueleza historia hiyo. Kwa Wakatoliki, barua ya Papa Leo wa 13 ya mwaka 1891 ilifungua mlango wa mafundisho ya jamii yanayoitaka serikali iwaangalie wanyonge kwa namna ya pekee. Julius Nyerere, Mkatoliki wa misa ya kila siku, aliwaambia watawa wa Maryknoll huko New York mwaka 1970 kwamba Kanisa lisiloshiriki kuiondoa mifumo inayowafanya watu wawe maskini litapoteza maana yake kwao.

Wapinzani wana maandiko pia. Linalotajwa zaidi ni lile la Paulo kwa Wathesalonike juu ya mtu asiyetaka kufanya kazi. Mwanasiasa wa Tanzania hukosi kumsikia akilitumia, awe Mkristo au Mwislamu. Lakini Paulo alisema asiyetaka. Ukisoma orodha ya TASAF ya kijiji chochote utakuta wazee, wajane wanaolea wajukuu walioachwa na wazazi waliokufa, watu wenye ulemavu na akina mama wenye watoto wadogo. Hao ni wasioweza, au wanaofanya kazi alfajiri hadi magharibi na kazi yenyewe hailipi.

Kuna mahali ambapo dini kweli imebadilisha namna tunavyomtazama maskini, na ni pale inapohubiri kwamba utajiri ni alama ya imani. Katika utafiti ule wa Pew, kwenye nchi nyingi zaidi ya nusu ya Wakristo walisema Mungu huwapa mali na afya wale wenye imani ya kutosha. Ukiamini hivyo, asiye na mali ana upungufu wa imani, na serikali haina dawa ya upungufu huo. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuwahi mafuta ya upako kwenye mkutano wa injili. Wengi waliokwenda pale walitafuta uponyaji na riziki. Upande wa Kenya, shirika la GiveDirectly lilipokwenda kugawa fedha bila masharti katika kaunti ya Homa Bay, karibu nusu ya kaya zilizofikiwa zilikataa. Ilivuma kwamba fedha za namna hiyo, zisizodai chochote, lazima ni za shetani. Shirika lenyewe ndilo lililotangaza habari hiyo mwaka 2016. Naielewa hofu ya watu wa Homa Bay kuliko dharau ya watu wa barazani. Mtu ambaye maisha yake yote hakupewa kitu bila kulipishwa ana haki ya kuuliza bei.

Jambo lingine la dini ni gumu zaidi kulisema hadharani. Wataalamu wawili wa siasa, Kenneth Scheve na David Stasavage, waliandika mwaka 2006 kwamba katika nchi nyingi waumini hupendelea serikali itumie kidogo kwa hifadhi ya jamii, kwa sababu dini tayari ni kinga yao. Walikuwa wakizungumzia hasa nchi tajiri, lakini ukitazama usharika wa Moshi vijijini utaelewa. Jumapili baada ya ibada kuna mnada: mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, trei ya mayai, vinapandishwa bei kwa vicheko. Kuna mfuko wa diakonia. Kwa Wakatoliki kuna jumuiya ndogo ndogo, nyumba kumi hadi ishirini zinazosali pamoja kila wiki, zinazojuana nani anaumwa na nani hana unga. Msikitini kuna sadaka, futari ya Ramadhani, na nyama ya kuchinja Idi. Ukifiwa, watu wanakuja na mchele na maharage kabla hujawaita. Mtu aliyelelewa na kinga ya namna hiyo anauliza kwa dhati: serikali inaingilia nini?

Nina jibu la swali hilo, kwa kuwa nimeona jinsi maskini kabisa anavyotoka kwenye jumuiya. Hafukuzwi na mtu. Kuna mchango wa ukarabati wa kigango, mchango wa gari la padri, rambirambi, sare ya kwaya, zaka kila mwezi. Mara ya kwanza anaomba asamehewe. Mara ya pili anatoa nusu. Mara ya tatu hafiki, anasema alikuwa shambani. Baada ya mwaka mmoja jina lake halisomwi tena, na akifa mtu kwake wanakuja wachache. Kinga zetu za kidini na za ujirani zinamkinga anayechangia. Aliyeanguka chini ya kiwango cha kuchangia hazimwoni, na huyo ndiye hasa ambaye ruzuku ya shilingi 10,000 ilitungwa kwa ajili yake. Wapo walengwa ambao matumizi yao ya kwanza ya ruzuku yalikuwa hisa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, na mchango wa jumuiya. Mwenye mshahara akisikia hivyo anasema wanachezea hela. Mimi nasema wamejinunulia nafasi ya kurudi miongoni mwa watu.

Tuje kwenye shule.

Nchini Malawi, kwa jirani zetu, Chipiliro Kalebe-Nyamongo na Heather Marquette waliwauliza wakubwa wa nchi, wakiwemo wanasiasa na watumishi wa serikali, wanaonaje mpango wa kuwapa maskini fedha. Utafiti wao ulitoka mwaka 2014. Wengi waliogopa utegemezi, waliona maskini watabweteka, na waliona afadhali ruzuku ya mbolea na mbegu kwa wenye nguvu ya kulima. Ungeweza kubadilisha jina la nchi ukaandika Tanzania au Kenya, wala msomaji asingeshtuka. Watu hao hawakuwa na ubaya wa moyo. Walikuwa na njia waliyopita wenyewe, wakaamini ndiyo njia pekee: nilisoma kwa kibatari, nilitembea kilomita nane, nikafaulu, nikaajiriwa. Asiyefika hapa hakujitahidi.

Hadithi hiyo ina ukweli, lakini inaruka sura nzima. Msomi wa Kitanzania wa umri wa miaka 60 hakulipiwa sekondari na baba yake. Alisoma bweni kwa gharama ya serikali, akala ugali wa serikali, akapewa warranti ya treni au basi kwenda na kurudi likizo. Chuo kikuu hakulipa kitu kabla ya sera ya kuchangia gharama kuingia miaka ya 1990. Katika kizazi chake wachache mno walivuka darasa la saba. Kodi iliyomsomesha ilikatwa kwenye pamba, kahawa, korosho na katani, na aliyezilima alikuwa yule bibi asiye na alama ya dole.

Nyerere aliliona hilo mapema, na lilimkasirisha. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam waliandamana na majoho yao hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Serikali ilitaka wahitimu watumikie taifa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Rais aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha akawaambia kwamba mishahara ya wasomi, wake ukiwemo, ilikuwa mikubwa kupita kiasi kwa nchi ya wakulima maskini, akatangaza pale pale kupunguza wa kwake kwa asilimia 20, na zaidi ya wanafunzi 300 wakarudishwa makwao. Miezi mitatu na nusu baadaye likatangazwa Azimio la Arusha. Unaweza kuulaumu ukali ule, na wengine hadi leo wanaulaumu kwa haki. Lakini hoja yake haijajibiwa: aliyesomeshwa na maskini anaanza lini kujiona hana deni kwao?

Tusiende mbali hadi 1966. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na kila mwaka serikali huitengea mamia ya mabilioni ya shilingi. Wanafunzi wenyewe wanaiita bumu ile fedha ya kujikimu inayoingia kwenye akaunti. Sijawahi kuona mshauri mwelekezi akilipwa kuchunguza ni kiasi gani cha bumu kinaishia kwenye bia na simu mpya. Utaniambia bumu ni mkopo. Ni mkopo, tena nafuu, na kuna watu wenye vyeo waliokaa miaka mingi bila kuurejesha mpaka sheria ikabanwa na makato yakaongezwa kwenye mshahara.

Au chukua mafuta. Juni 2022, bei ya petroli na dizeli ilipopanda kwa sababu ya vita ya Ukraine, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi huo. Nauli zilisaidika, ndiyo. Lakini anayejaza tangi la gari lake binafsi alipata zaidi kuliko anayepanda basi mara moja kwa mwezi, na asiyepanda basi kabisa alipata kidogo mno. Bilioni 100 ni ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa kaya milioni moja kwa miezi kumi. Nilikuwa nikisikiliza kwa makini wakati ule. Hakuna aliyesema wenye magari watabweteka.

Kwa hiyo msomi hapingi msaada wa serikali. Anapinga msaada unaoonekana, unaohesabiwa mezani mbele ya watu, wenye orodha ya majina. Wa kwake unapita benki na kituo cha mafuta, na una jina la heshima.

Zanzibar inatoa ushahidi mzuri hapa. Aprili 2016, chini ya Rais Ali Mohamed Shein, Serikali ya Mapinduzi ilianza kumlipa kila mzee mkaazi aliyetimiza miaka 70 pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa fedha ya bajeti yake yenyewe. Haiulizi kama mzee ana nyumba ya mawe au ya makuti, kama alikuwa mvuvi au mkurugenzi. Baadaye kiwango kikapandishwa. Nimekaa kwenye mabaraza ya Unguja, ambako watu wana ulimi mkali kuliko sisi wa bara, na sijasikia mtu akisema wazee wanalewa pensheni. Utasema ni kwa sababu ya Uislamu. Sidhani, maana mtu wa swala tano wa barazani kwetu ni Mwislamu pia. Tofauti ni kwamba Zanzibar mama yake mhadhiri anapokea, na mama yake muuza pweza anapokea. Kenya ilifanya jambo la kufanana mwaka 2018 ilipoanza kuwaingiza wote wenye miaka 70 na zaidi kwenye Inua Jamii, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, isipokuwa wale wenye pensheni nyingine ya serikali. Wasweden wawili, Walter Korpi na Joakim Palme, waliandika mwaka 1998 kwamba nchi zinazotoa msaada kwa wote huishia kupunguza umaskini kuliko zinazoupima kwa maskini peke yao, kwa sababu wenye elimu na sauti huutetea msaada ambao na wao wamo.

Fedha za TASAF kwa sehemu kubwa zimetoka kwa mikopo na wafadhili. Benki ya Dunia peke yake iliidhinisha dola milioni 450 kwa awamu ya pili mwaka 2019. Jambo hilo linanisumbua kuliko pombe. Mpango ambao wenye sauti wa nchi hawaupendi, na ambao unalipwa na watu wa nje, unaweza kukatwa asubuhi moja bila mtu kuandamana.

Walalamikaji wana hoja moja ya kweli, nami siwezi kuificha: majina. Mwaka 2016 serikali ilifanya uhakiki ikaondoa kaya zaidi ya 50,000 zisizostahili. Kulikuwa na waliokufa, waliohama, wenye maduka, na viongozi wa vijiji na jamaa zao. Kila kijiji kina kisa chake. Lakini angalia majina hayo yanapatikanaje. Utaratibu unaanza kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa, ambapo wananchi wenyewe wanataja kaya maskini kuliko zote. Kisha dodoso linajazwa nyumba kwa nyumba, hesabu inapigwa, na orodha inarudi kwenye mkutano isomwe jina kwa jina, watu wakubali au wakatae. Kwenye mikutano hiyo mwalimu hayupo, muuguzi hayupo, mstaafu wa benki hayupo, mchungaji amemtuma mtu, imamu ana dharura. Wanaobaki ni wenye shida na wenye maslahi, na mwenyekiti akisoma jina la shemeji yake hakuna mwenye ubavu wa kusimama. Wiki moja baadaye mwalimu na mstaafu wanakutana barazani kulalamika kwamba TASAF imejaa upendeleo.

Mkutano ujao wa kupitia orodha ukiitishwa mtaani kwako, nenda. Kama wewe ni kiongozi wa dini, tangaza siku hiyo kwenye ibada kama unavyotangaza michango, uende na wewe. Kaa mpaka jina la mwisho lisomwe. Akitajwa mwenye duka, nyoosha mkono useme humo si mahali pake. Ikirukwa kaya ya mgonjwa asiyejiweza, nyoosha mkono tena useme imerukwa, na usiondoke mpaka iandikwe.